Zamu ya saa tisa usiku

Mbeya, Julai.

Baridi ya mwezi huu haina adabu. Maji ya bomba asubuhi yanauma vidole, na mfuaji wa nepi ni mimi. Mama mkwe, aliyetoka Tukuyu kuja kumuuguza binti yake aliyejifungua, hajazoea. "Baba, hebu acha, nipo mimi," ananiambia huku kageukia pembeni, maana mkwe na beseni la nepi ni mtihani kwetu sote. Mchana namwachia. Usiku ni wangu.

Mwenzangu alijifungua kwa upasuaji. Wakiwa bado wanamshona, nesi aliniambia nivue shati, akanilaza mtoto kifuani na kutufunika kitenge na blanketi. Mtoto mchanga hupoa upesi, na ngozi ya baba humpasha joto kama ya mama. Nilitegemea mapenzi yanifurike palepale, kama watu wanavyosimulia. Wapi! Nilichosikia ni woga, na kile kimoyo chake kinavyokwenda mbio.

Kazini nilipewa siku 3. Ndizo zilizoandikwa kwenye Sheria ya Ajira ya 2004. Mama aliandikiwa 84. Siku 3 zinatosha kununua mkaa na kupokea wageni, basi.

Kazi yenyewe ilianzia saa tisa usiku. Akishanyonya namchukua, namweka begani, nampigapiga mgongo hadi abeue. Kisha tunatembea, sebuleni hadi jikoni na kurudi, namsimulia bei ya viazi soko la Mwanjelwa. Juzi alikuwa analia kwa bibi yake, nikauliza, "Nini tena, bwana mdogo?" Akanyamaza, akawa anazungusha shingo kunitafuta. Hapo ndipo nilipokwisha.

Nimezoea kusikia kwamba mtoto ni wa anayemnyonyesha. Watafiti Rudolph Schaffer na Peggy Emerson waliwafuatilia watoto 60 wa Glasgow, Uskoti, na matokeo waliyochapisha 1964 yanasema vingine: mtoto hushikamana na anayemwitikia akilia na anayecheza naye, hata kama siye anayemlisha. Kufikia mwaka mmoja na nusu, wengi wao walikuwa wameshikamana na baba pia. Kwa mtu asiye na maziwa, hizo ni habari njema.

Ofisini wananitania kwamba nimelishwa limbwata. Mmoja wao, ambaye mkewe ana ujauzito wa miezi saba, alingoja wenzake watoke, akaniuliza nepi inakunjwaje. Nikamwonyesha kwa gazeti.