Njia ya hatua 140

Mkutano uliitishwa kwa jambo moja tu: wakazi walitaka vijana wa kijiweni waondolewe. Vijana hao walikaa kwenye benchi mwishoni mwa njia ya miguu inayotoka kituo cha basi, ikapita nyuma ya ukuta wa shule, hadi kwenye nyumba. Ndani ya wiki 10 watu walikuwa wamekwapuliwa simu na mikoba katika njia hiyohiyo, kwa hiyo ukumbini hakukuwa na la kujadili. Mzee mmoja alisimama akasema, "Afande, hatukuja kusimuliwa. Wabebeni leo, nasi tulale."

Mimi nilikuwa mshika daftari wa kikosi chetu cha polisi jamii, watu wanne kwa mtaa mzima. Mkuu wetu hakubishana na mzee. Alimwomba kila aliyepatwa na jambo apite mezani kwangu peke yake, kabla hajazungumza na mwenzake. Watu watatu walioona tukio moja wakikaa pamoja kidogo tu, huondoka na kumbukumbu moja, na kwa kawaida ni ya yule mwenye sauti kubwa.

Maswali yalikuwa matano: siku gani, saa ngapi, ulikuwa umefika wapi hasa, kitu kilichukuliwaje, na aliyechukua alikimbilia wapi. Wajihi wa mtu tuliuacha mwisho, na hapo tulianza na viatu. Kibaka akikata kona huvua kofia na kugeuza shati. Jozi ya pili ya viatu habebi.

Iliyotutoa jasho ni saa. Aliyekwapuliwa anajua karibu dakika yenyewe. Aliyeibiwa baiskeli hajui kitu: aliiacha asubuhi, jioni haikuwepo. Ukimwandikia saa ya katikati, au mbaya zaidi saa aliyokuja kutoa taarifa, daftari litakupeleka doria wakati ambapo hakuna kilichotokea. Ndiyo maana tulikuwa na safu mbili, "kilionekana mara ya mwisho" na "kiligundulika hakipo", na matukio yenye pengo kubwa kati ya safu hizo hatukuyatumia kupanga zamu.

Usiku ule tulichora njia kwenye karatasi na kuigawa kwa hatua. Zilikuwa 140. Kati ya taarifa 26, ukwapuaji ulikuwa 17, na 14 kati ya hizo ziliangukia hatua 30 za katikati, kuanzia saa 12:30 jioni hadi saa 2 usiku. Zilizobaki, ukitoa baiskeli mbili, zilikuwa kelele, matusi na chupa zilizopasuliwa, zote karibu na benchi, zote baada ya saa 4 usiku. Vijana wenyewe, kwa maelezo ya haohao waliowalalamikia, walianza kukusanyika saa 3. Mambo mawili yasiyokutana kwa saa wala kwa mahali yalikuwa yametiwa katika gunia moja lililoandikwa "vijana". Herman Goldstein, msomi wa masuala ya polisi wa Marekani, aliandika juu ya hilo mwaka 1979: polisi hujishughulisha mno na namna wanavyojiendesha kuliko tatizo wanalotakiwa kulimaliza. Tungewabeba wale vijana usiku ule, tungepigiwa makofi, na kesho yake jioni mtu angekwapuliwa palepale.

Jioni iliyofuata tuliipita njia saa 1, giza likiwa limeshaingia: sisi wawili, akina mama watatu waliokwapuliwa, mlinzi wa shule, fundi wa taa na kijana mmoja wa kijiweni ambaye mkuu alikwenda kumwomba mwenyewe. Kukagua njia hiyo mchana kusingetuambia lolote.

Jaribio la kwanza ni la uso. Mtu asimame mita 10 mbele, hatua 13 au 14 hivi, nawe useme ni nani. Mama mmoja alikaza macho, akasema hamjui. Alikuwa jirani yake wa ukuta mmoja. Taa ilikuwepo, tena kali, lakini ilifungwa ukutani usawa wa kichwa ikielekea njiani. Mwanga wa namna hiyo humpiga mpita njia machoni. Mboni hujibana, na chochote kilicho nyuma ya taa kinakuwa weusi mtupu. Taa ya pili, juu ya nguzo, ilikuwa imemezwa na matawi. Fundi alikuwa ameombwa mara mbili kuongeza taa, naye alikuwa tayari kuongeza. Kilichotakiwa ni kupandisha ile ya ukutani, kuivika kifuniko na kuiinamisha chini.

Kisha uoto. Kipimo chetu kilikuwa rahisi: vichaka visizidi mita 1, matawi yasishuke chini ya mita 2, ili katikati jicho lipite. Ua wa hapo ulinifika kifuani, na nyuma yake palikuwa na nafasi ya mtu kuchuchumaa.

Lakini jambo kubwa alilionyesha yule kijana. Tulikuwa tumeshapita aliposema, "Afande, hamjatazama tundu?" Nyuma ya ua, ukuta ulikuwa umebomoka, na upande wa pili ni barabara. Pikipiki husubiri hapo injini ikiunguruma, mwenzake huchukua, hupenya, wanaondoka. "Tunawaona kila mara tukipita hapa jioni." Mkuu akamuuliza kwa nini hakusema. "Nani aliniuliza?"

Kuziba tundu kwa matofali lilikuwa wazo la kila mtu, na lilikuwa baya. Watu wengi walilitumia tundu hilo kama njia ya mkato. Ukuta wa namna hiyo hubomolewa tena haraka. Tukaweka nguzo mbili za chuma, sentimita 70 kati yake, kuzuia pikipiki. Siku ya nne tukaitwa: mama mmoja wa kiti cha magurudumu alikwama. Hesabu yenyewe haikubali. Usukani wa pikipiki ni kama sentimita 75 hadi 80, na kiti cha magurudumu kinahitaji takriban 90 ili mikono isikwaruzike. Nafasi inayompitisha huyu inampitisha na yule. Tulizing'oa na kuweka vizuizi viwili vya bomba vinavyopishana, mita 1.5 kati yake, nafasi ya kiti kugeuka. Pikipiki bado inapita, ila kwa kusukumwa, na kibaka hawezi kuondoka kwa kusukuma.

Doria tuliipunguza. Mwanzoni mwenzetu mmoja aliegesha gari pale jioni nzima, taa zikimulika. Wakazi walifurahi na kazi nyingine zote zikalala. Uchambuzi wa mtafiti Christopher Koper wa mwaka 1995, uliotokana na doria za polisi katika mji wa Minneapolis, Marekani, ulionyesha kwamba faida ya kukaa mahali pamoja huongezeka hadi dakika 15 hivi, kisha hupungua. Tukawa tunashuka kwa miguu, wawili, dakika 12 hadi 15, tunaondoka, tunarudi kwa saa isiyotabirika ndani ya kipindi kilekile cha ukwapuaji. Kati yetu, walioshindwa walikuwa wale waliozoea kuanza saa 1 kamili kila siku. Vibaka nao wana saa.

La kelele lilimalizwa kwa mazungumzo mawili na kuhamisha benchi mita 40 kutoka kwenye madirisha ya vyumba vya kulala. Makubaliano yaliandikwa mistari minne na kusomwa kwa sauti mbele ya pande zote: muziki kuzimwa saa 4, chupa kwenye pipa, na mtu mmoja wa kila upande wa kupigiwa simu kabla ya polisi. Yalivunjwa mara tatu mwezi wa kwanza. Yule mzee aliyetaka wabebwe ndiye aliyechaguliwa kupigiwa simu, na alilalamika sana juu ya kazi hiyo huku akiifanya.

Wiki sita zilizofuata niliandika ukwapuaji mmoja katika njia, na miwili kwenye kituo cha basi kilichofuata, ambako kabla sikuwa na hata mmoja. Tukahamishia huko nusu ya zile dakika.

Ukurasa wa mwisho wa kazi ile ulikuwa na safu ya "nani atafanya". Taa: fundi. Vizuizi: shule. Matawi: niliandika jina la mwenzetu mmoja, naye baada ya miezi mitatu alihamishwa. Nilipopita tena pale mvua zilikuwa zimekwisha, na taa ya nguzo haikuonekana.