Siku yangu moja na karatasi zinazojifanya ngozi

Mie natengeneza kadi za mkono hapa Mji Mkongwe, za harusi zaidi, na zinazonipa kula ni zile zenye jalada kama la ngozi. Si ngozi. Ni karatasi ya kaki, ile ya mifuko ya dukani.

Saa kumi na mbili asubuhi chai, kufagia, kukata vipande. Saa mbili ndo kazi: napulizia maji kidogo, naifinya ngumini mpaka iwe kidonge, naifungua polepole, napulizia, nafinya tena upande mwengine. Ukifinya mara moja tu mikunjo inakuwa mikubwa, inaonekana imeokotwa jaani. Mikunjo midogo inayokatana ndo inaleta ngozi. Kaki inastahimili, ya fotokopi ukiilowesha hivyo inachanika.

Saa nne pasi, juu ya kitambaa, ikiwa bado na unyevu kidogo, na usikandamize ukaua mikunjo yote. Halafu rangi ya maji ya kahawia, naipaka na kuifuta hapo hapo, ibaki mashimoni tu. Kukauka sasa! Masika haya na hewa ya bahari karatasi inakaa rojorojo, na umeme nao ukakatika, feni ikanyamaza.

Baada ya adhuhuri akaingia bi mkubwa mmoja, harusi ya mwanawe, kadi sitini. Akaishika, akaikwaruza kwa kucha, akainusa.
"Mwanangu, mbona inanuka rangi ya viatu?"
"Ndo yenyewe bi mkubwa, naipaka juu ya mikunjo ing'are, ikipigwa upepo harufu inaondoka."
"Kumbe hii karatasi ya kufungia sukari! Kwa elfu tatu?"
Basi akampigia dadake aliyeko Wete, Pemba, wakaonana kwa video, kadi inageuzwa huku na huku kwenye simu, dadake anasema nzuri, yeye anasema ati Darajani kuna za kuchapisha rahisi, nikamwambia zipo kweli, kachukue, akakaa tena. Mara anataka rangi ya damu ya mzee ifanane na mavazi ya bwana harusi, na sampuli ya kahawia alishaikubali mwenyewe wiki iliyopita, nami nshapaka nusu! Nikamtilia rangi kipande kingine mbele yake, akakitazama weee, mwisho akasema kahawia ina heshima zaidi. Alipoondoka laasiri inaadhiniwa.

Zilizobaki nimezimaliza usiku, mgongo hauna hali. Gundi kwanza, nibandike kwenye kadi ngumu, zilale chini ya vitabu vya skuli vya watoto, rangi ya viatu mwisho kabisa, maana ina nta na gundi haishiki juu ya nta. Kisha kusugua mpaka kitambaa kitoke safi, la sivyo mgeni anashika kadi anachafua kanzu yake. Vidole vyangu mie ndo hivi, vyeusi hata kwenye shughuli za watu.

Sasa hivi bi mkubwa kaleta ujumbe wa sauti: dadake kazipenda, anataka ishirini zaidi, kabla ya Ijumaa. Nimemjibu inshallah, atangulize nusu ya hela.