Nyumba ya Shomoro

Juni 2014, mvua za Machi hadi Mei zilipokwisha, tuliishusha nyumba ya ndege niliyokuwa nimeigongomea kwa plaiwudi mwanzoni mwa mwaka. Ilikuwa uani kwetu Bombo, karibu na mpapai. Haikuwa na mlango, ikabidi babu aibandue kwa patasi. Ndani mlikuwa na nyasi zilizooza na makinda watatu wa shomoro, wamekufa, wameganda sakafuni.

Babu alikuwa seremala tangu ujana. Aliigeuza juu chini, akanionyesha kosa. Sakafu nilikuwa nimeipigilia chini ya kuta, kwa hiyo maji yaliyoshuka ukutani yalifyonzwa na ukingo wake, plaiwudi ikaachana tabaka kwa tabaka. Hakukuwa na hata tundu moja la kuyatoa. "Mjukuu wangu, maji yataingia tu," alisema. "Yatoke wapi? Hukuyawekea."

Siku hiyohiyo tukaanza nyingine. Alitoa kipande cha mvule kilichobaki kwenye kazi ya mlango: futi 5, upana sentimita 14, unene 2 baada ya randa. Musizi ungekatika kwa urahisi zaidi, lakini ukiwekwa nje haukai. Mvua na mchwa huumaliza. Mvule huvumilia vyote viwili. Taabu yake ni vijiwe vya chokaa vinavyojificha ndani ya mti, hutafuna meno ya msumeno. Tulinoa mara mbili kabla ya saa sita. Vumbi lake nalo huwasha pua na macho. Tulijifunga vitambaa, tukakata tukiupa upepo mgongo.

Ubao wa nyuma ulikuwa sentimita 40, upate kuzidi juu na chini kwa ajili ya kufungia kwenye nguzo. Wa mbele 20. Kuta za pembeni zilitoka kwenye kipande kimoja cha 45, kilichokatwa mshazari katikati: kila ukuta ukawa 25 nyuma na 20 mbele, na mteremko wa paa ukapatikana bila kupoteza mbao. Sakafu 10, paa 22. Safari hii sakafu iliingia ndani ya kuta, ikainuliwa nusu sentimita kutoka ukingo wa chini, na pembe zake nne zikatobolewa matundu ya milimita 6.

Tundu la kuingilia lilikula muda kuliko yote. Tulitaka milimita 35, kitovu chake sentimita 5 chini ya ukingo wa juu, na hatukuwa na kekee pana hivyo. Babu alichora duara kwa bikari, akatoboa vitundu vidogo vidogo kwa ndani ya mstari, akasukuma kipande cha katikati kikatoka, kisha tupa ya mviringo mpaka kidole kikapita bila kukwaruzwa. Niliomba tuweke kijiti cha ndege kutua. Alikataa. Shomoro hudaka ukingo wenyewe. Kijiti humfaa anayekuja kuiba mayai. Upande wa ndani wa ubao wa mbele tulipitisha msumeno mara tano, mifereji ya kina cha milimita 2, kwa sababu mvule uliopigwa randa ni laini mno na makinda hukosa pa kushika kucha wakati wa kutoka.

Ukuta wa kulia ulikuwa ndio mlango. Bawaba yake ni misumari miwili ya inchi 2, mmoja kutoka mbele, mmoja kutoka nyuma, kwenye kimo kimoja. Nilipima kwa jicho, ukuta ukakwama. Tukang'oa, tukapima kwa skwea. Ukingo wake wa juu tulipunguza milimita 3 usikwaruze paa. Chini, msumari wa tatu ulichomekwa bila kupigiliwa, umeinamia ndani, unatolewa kwa vidole. Kila msumari ulitanguliwa na tundu, maana mvule mkavu hupasuka.

Rangi hatukupaka. Juu ya paa la mbao tulifunika kipande cha bati kilichozidi pande tatu. Bati peke yake lingewachoma makinda kwa jua la mchana.

Nguzo ya mti tuliiacha, tukasimamisha bomba la chuma, sentimita 60 ardhini, tukafunga nyumba kwa boliti mbili, tundu likiangalia kaskazini, mbali na jua la jioni. Katikati ya bomba tulipaka grisi, upana wa kiganja, mbali na manyoya ya ndege. Hiyo ni kwa ajili ya siafu, ambao wakipanda usiku hawabakizi kinda. Vumbi likishaganda juu ya grisi, siafu hupita kama kwenye daraja, kwa hiyo tuliipangusa na kupaka upya kila mwezi.

Septemba shomoro wawili walikuwa wakiokota manyoya ya kuku uani na kuyapeleka ndani. Asubuhi iliyofuata mvua kubwa ya kwanza, babu alipanda kwenye kiti, akapapasa sakafu kwa chini. Matundu yalikuwa bado yanadondosha. Juu, wale wawili waliendelea kubeba manyoya.