Nilivyoielewa otomata kwa mafungu ya parachichi

Mwaka wa pili chuo nilikula sapu, yaani mtihani wa marudio, ya otomata, zile mashine za kwenye karatasi zinazosoma alama moja moja na kuhama hali mpaka zikubali au zikatae, na iliniuma sana, maana nilisoma. Vile vitu vitano vinavyounda mashine nilikuwa navyo kichwani, seti ya hali, alfabeti, kanuni ya mpito, hali ya kuanzia na hali za kukubali, naviandika bila kukosea ila ukiniambia chora mashine yako mwenyewe kalamu inagoma.

Likizo nikarudi Mbeya, nikawa namsaidia shangazi pale Mwanjelwa, anauza parachichi kwa mafungu ya matatu matatu. Asubuhi moja mwezi wa saba, baridi ile ya vidole kufa ganzi, tumemwaga gunia, mimi nampa moja moja yeye anapanga, nikamuuliza shangazi tumeshapanga mangapi?

"Sijui mwanangu, mi najua hapa bado moja fungu litimie."

Nikabaki nimeshika parachichi. Kumbe hali ndo hiyo! Hali sio kumbukumbu ya yote yaliyopita, ni kile kidogo tu unachokihitaji ili kujua ufanye nini na kinachofuata. Yawe yamepita kumi au elfu, kwa shangazi hali ni tatu tu, fungu limetimia, lina moja, lina mawili, basi.

Usiku nikalitoa swali lililoniangusha, chora mashine inayokubali namba za baineri, zile za 0 na 1 tu, zinazogawanyika kwa 3. Ukisoma 0 namba inakuwa mara mbili, ukisoma 1 inakuwa mara mbili jumlisha moja, na baki, kile kinachosalia ukigawanya kwa 3, linafuata hivyo hivyo, likifika 3 ni fungu limetimia unarudi sifuri. Kwahiyo kwenye baki 1 ukisoma 0 unaenda 2, ukisoma 1 unaenda 0, kwenye baki 2 ukisoma 0 unaenda 1, ukisoma 1 unabaki hapohapo. Nikaijaribu kwa 110 ambayo ni 6: naanzia 0, naenda 1, narudi 0, nabaki 0, hakuna baki, imekubali. Nilirudia na namba kama ishirini hivi, zote sawa, usingizi wote ukaisha.

Zile otomata zenye njia zaidi ya moja kwa alama ileile, walizozieleza Rabin na Scott mwaka 1959, hazikunisumbua tena, unaweka vidole kwenye hali zote unazoweza kuwepo na kila kundi la vidole linakuwa hali moja mpya, hali 3 zinaweza kuzaa mpaka 8.

Iliyonichukua siku ni ile ya kutambua maneno yenye a kadhaa zikifuatiwa na b idadi ileile. Mashine ya hali 3 ikisoma a tatu imeshasimama kwenye hali mara nne, ukihesabu na ile ya kuanzia, lazima kuna hali imeirudia, na ikirudia haiwezi tena kujua a zilikuwa ngapi. Hapo inabidi uipe rundo la kutunzia kumbukumbu, kila a weka kijiti, kila b toa kimoja.

Sapu ilikuja na namba zinazogawanyika kwa 5. Nikachora duara tano, nikaanza kupanga mafungu ya matano.