Tisini na Nane

Idd ya kuchinja ya mwaka 2018 iliangukia Jumatano, tarehe 22 Agosti. Naikumbuka tarehe hiyo kwa sababu ilichapwa kwa rangi ya chungwa kwenye kona ya kila picha niliyopiga siku ile, na ikachapwa pamoja na mwaka wa uongo.

Nilikuwa nimepakua kwenye simu programu ya kamera ambayo vijana wenzangu kazini walikuwa wameishikia bango. Unapiga picha kawaida, halafu inakurudishia kitu kama picha ya mkanda iliyosahaulika kabatini: rangi zimefifia, vivuli vina ukijani, chenga zimejaa, na mara mojamoja mwako mwekundu unatambaa kutoka pembeni. Siku na mwezi vilikuwa vya kweli. Mwaka daima ulikuwa 98. Ungeweza kuubadilisha kwenye mipangilio, lakini sikuubadilisha. Mwaka 1998 nilikuwa na miaka saba, naenda Mnazi Mmoja kupanda pembea na mkono wa Idd umefungwa kwenye pindo la kanzu. Niliona hapo ndipo penye utamu wote.

Basi baada ya swala, pilau ikiwa bado jikoni, nikawachukua watoto wawili wa mjomba tukatembea kwa miguu kutoka Kariakoo hadi Posta. Nilitaka kulipiga picha jiji la Dar es Salaam kama lilivyokuwa.

Kumbe kutafuta mji wa zamani kwa simu ni kazi ya kuficha. Pale kwenye Sanamu ya Askari nilichuchumaa hadi goti likagusa lami, ili maghorofa ya vioo yabaki nje, abaki askari peke yake na bayoneti yake ikielekea bandarini kama inavyoelekea tangu 1927. Mtaa wa Samora, kwa macho, ulikuwa mabango ya kampuni za simu na viyoyozi vinavyodondoshea watu maji. Kwenye simu nikaubakizia nguzo mbili, kivuli cha mti na mzee mwenye kanzu anavuka barabara. Nikajipongeza. Kanisa la Azania Front lilinishinda kidogo. Lilianza kujengwa 1898, enzi za Wajerumani, kwa hiyo ile 98 ya kwenye kona ingeweza kabisa kuwa ya karne nyingine, na nilikuwa nimeshaanza kucheka peke yangu kwa wazo hilo pale basi la mwendokasi lilipokatiza katikati ya picha. Mabasi yale yameanza 2016. Nikafuta, nikangoja, likaja jingine. Tulipojaribu kusogea upande wa bandari mlinzi akatupungia mkono, hapa hapapigwi picha, tukarudi.

Yule binti mdogo alikuwa ameomba simu aone. Akaikuza picha yake kwa vidole, akanuna.

"Kaka, gauni langu la pinki. Mbona hapa lina kutu?"

Nikamwambia ndiyo fasheni. Hakuridhika, na kwa kweli gauni lile lilikuwa limelipiwa kidogokidogo tangu Mfungo Mosi.

Nyumba ya bibi ilikuwa moja ya nyumba za chini zilizobakia mtaani kwao, imebanwa na ghorofa kulia na ghorofa kushoto, kiasi kwamba jua liliigusa baraza saa sita mchana tu, tena kwa haraka. Nyumba ya Kiswahili hasa: vyumba sita, ukumbi katikati, uani jiko na kisima kilichofunikwa bati. Mlango wa mbele ulikuwa wa mbao nzito, babu aliununua kwa mtu aliyekuwa akivunja nyumba yake mtaa wa Gerezani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umeniachia pilau limepoa, unazurura na simu."

Nikawapanga barazani wote kumi na mmoja. Niliomba dishi la king'amuzi ligeuzwe, mtungi wa gesi uingizwe ndani, na mjomba avue kofia yenye jina la timu ya Uingereza. Mjomba alikuwa na fulana ya ndani tu kwa joto, nikamwambia abaki hivyohivyo, ndiyo uhalisia. Nikapiga moja, bibi akafumba macho. Nikapiga ya pili. Hii ikatoka na ule mwako mwekundu, umeshuka upande wa kushoto ukameza nusu ya mlango na bega la mke wa mjomba. Nikaona nimepata picha ya maisha yangu.

Mjomba akataka kuiona. Miaka ya themanini alikuwa na Yashica, akipiga harusi na maulidi kwa watu wa mtaani, na mkono wake wa kulia mpaka leo ukishika kitu kidogo kidole gumba kinasogea kama anavuta mkanda.

"Hii imeungua," akasema.

Nikamwelewesha kwamba haijaungua, ni programu.

"Nakwambia imeungua. Mwanga umeingia nyuma ya kamera. Mimi nikimpelekea mtu picha hii ananidai pesa yake." Akaendelea, maana ukimgusa hapo hanyamazi. Mkanda ulikuwa na picha 36. Unapiga sita za harusi, nne za mtoto wa jirani, unangoja Maulidi umalize zilizobaki, ndipo upeleke kusafishwa, halafu ungoje tena. Kila picha ni hela. Hakuna aliyekuwa anatafuta ukungu. "Na huo wekundu mnaoupenda ni ugonjwa. Zile picha zangu za rangi zilitoka safi, anga ya buluu kabisa. Joto la humu ndani ndilo lililoua buluu, zikabaki nyekundu. Sasa wewe unazizalisha zikiwa wagonjwa tayari."

Nilicheka. Nilimwona mzee anayeonea wivu simu.

Wiki iliyofuata nikaenda kuichapisha Mtaa wa Congo, saizi ya kadi, nikamletea bibi Jumapili kwenye bahasha. Akavaa miwani. Alitabasamu vizuri, akitaja mmojammoja, mpaka kidole kikafika kwenye kona.

"Hizi namba gani?"

"Tarehe, bibi. Siku ya Idd."

"Ishirini na mbili, nane." Akasogeza picha mbali, akairudisha. "Tisini na nane."

"Ni pambo tu, bibi. Ionekane ya zamani."

Hakunijibu kwa muda. Bibi hahesabu miaka kwa namba, anaihesabu kwa mambo. Tisini na nane kwake ni mwaka wa bomu la ubalozi wa Marekani. Ijumaa ile ya tarehe 7 Agosti babu alikuwa ametoka asubuhi kwenda Feri kutafuta samaki, redio ikaanza kusema mambo ya Oysterbay na Nairobi, na simu za mkononi zilikuwa za matajiri. Akarudi karibu na magharibi, na samaki wake, amepitia kwa rafiki kucheza bao. Kisa hicho nilikuwa nimekisikia mara nyingi kama kichekesho. Siku hiyo hakukisimulia. Alihesabu tu kwa vidole, kutoka tarehe 7 hadi 22.

"Wiki mbili baadaye," akasema. "Sasa kama hii ni tisini na nane, babu yako yuko wapi?"

Babu alifariki Februari 2000, miezi minne baada ya Mwalimu Nyerere. Sikuwa na la kusema. Nikatamani kuikwangua ile kona kwa kucha.

Akainuka, akaenda chumbani, nikasikia kufuli la sanduku. Alirudi na picha moja imefungwa kwenye kitambaa. Ya 1968, walipigwa studio wiki mbili baada ya harusi. Nilikuwa nimeshawahi kuiona, lakini sikuwahi kuiangalia. Nyeusi na nyeupe, pembezoni ina vimenomeno. Babu amevaa koti na tai za studio, mikono ya koti imemzidi, lakini ameikunja ya kushoto makusudi ili saa ionekane. Na saa yenyewe, bibi akaniambia, ilikuwa ya rafiki yake wa bandarini. Kati yao meza, juu ya meza redio ya studio. Hakuna chenga hata moja. Unaona uzi wa tai, unaona jasho dogo juu ya mdomo wa babu, unaweza kusoma herufi tatu za jina la kanga pale inapokunjika begani. Nikaiweka kando ya ile yangu. Ya miaka 50 ilionekana imepigwa asubuhi ile. Yangu ya wiki moja ilionekana imefukuliwa.

"Alituambia tusipumue," bibi akasema. "Babu yako akapumua. Tukalipia mbili."

Kisha akaomba kalamu. Akaigeuza ile picha ya Idd, akaandika nyuma kwa mwandiko wake wa kisomo cha watu wazima, herufi kubwa zilizoachana: IDI 2018. Chini yake majina, kuanzia kushoto. Ilimchukua muda, na hakutaka nimsaidie ila kwa jina la mtoto mchanga, ambalo alisema ni la kwenye televisheni. Alipomaliza akaipachika kwenye albamu, akaisukuma mpaka kona ya karatasi ikafunika ile tarehe ya rangi ya chungwa.

"Halafu niletee moja safi. Hapa kama nimemwagiwa mchuzi."

Nikasema nitaleta. Usiku ule nikaitafuta simu nzima. Programu ilihifadhi picha ilizokwisha kuzipaka tu. Ile safi, kabla ya wekundu na chenga, haikuwahi kuwekwa popote.

Idd iliyofuata, Juni 2019, nyumba ilikuwa imeshauzwa na uwanja umezungushiwa mabati, na bibi yuko Mbagala kwa mjomba. Nikampiga pale sebuleni kwa kamera ya kawaida ya simu, televisheni ikiwa nyuma yake na soketi ya umeme juu ya bega. Mjomba safari hii alivaa shati. Bibi akaikagua, akaandika nyuma majina na mwaka, akaitia kwenye albamu. Ile ya tisini na nane hakuitupa. Aliirudisha kwenye mfuko uleule, nyuma ya hii mpya, kwa sababu, alisema, ndiyo yenye mlango.