Tinti ya dirisha la magharibi: hatimaye kioo kimetoka safi

Wakuu, kimetoka. Dirisha la chumba cha kulala, lile la magharibi lililonitesa, leo jua la saa kumi limelipiga wazi na sijaona doa hata moja. Nimelikagua kwa tochi kutoka pembeni, nimelikagua kutoka nje, nimemwita mke wangu alikague na yeye. Safi. Naandika sasa hivi kila kitu kikiwa bado kichwani.

Kwa wanaonifuata kwa mara ya kwanza: nabandika tinti, ile plastiki nyembamba ya kupunguza jua, kwenye vioo vya nyumba ili joto lisiingie. Nyumba ipo Nkuhungu, hapa Dodoma, madirisha ni ya alumini ya kuslaidi, kioo cheupe cha kawaida, na chumba kina AC ya BTU 12,000. Madirisha ya kaskazini na kusini sijayagusa wala sitayagusa. Dodoma tuko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, jua la mchana linapita karibu na utosi, na paa lililotokeza sentimita 60 linayafunika kwa sehemu kubwa. Pesa ya tinti kwenye madirisha hayo ni pesa ya kutupa, hata kama fundi atakushawishi uweke nyumba nzima ili ipendeze. Magharibi ndiko kwenye vita. Kuanzia saa tisa alasiri jua linashuka, linapenya chini ya paa lolote lile, na linabaki kitandani mpaka lizame.

Hesabu niliyoifanya ndiyo iliyonitia hasira ya kuanza. Kioo kinachotazama magharibi, saa kumi ya siku isiyo na mawingu, kinapokea wati 600 hadi 700 kwa kila mita ya mraba. Kioo cheupe cha milimita 3 kinaruhusu zaidi ya asilimia 80 ya hizo ziingie ndani. Dirisha langu ni mita 1.5 kwa 1.5, kwa hiyo linaingiza kilowati 1.2 na ushei. AC ya BTU 12,000 uwezo wake wa kuondoa joto ni kilowati 3.5. Theluthi nzima ya mashine inapambana na dirisha moja! Na haiishii hapo, kwa sababu ukuta wa tofali za saruji unalinywa lile joto jioni nzima na kulirudisha usiku, wakati nje hewa ya Dodoma imeshapoa na watu wamejifunika mashuka. Uniti moja ya umeme wa LUKU pamoja na kodi na tozo ni kama shilingi 356, elfu kumi inakupa uniti 28, na AC hii ikiunguruma inakula karibu uniti moja kwa saa. Piga mwenyewe.

Sasa, madoa.

Vioo vya mwanzo aliweka fundi wa magari, mtu mwepesi wa mkono kwelikweli. Baada ya siku chache vikatokea vidoa vyeupe chini ya tinti, vidogo kuliko punje ya ulezi, vimejipanga kwa mistari kufuata njia ya mpira wa kukamulia maji (tinti hubandikwa juu ya kioo kilicholoweshwa maji ya sabuni, kisha maji yanakamuliwa). Katikati ya mistari kukawa na utando wa ukungu. Kila mtu akasema ni vumbi, na kwa upepo wa Dodoma wa Julai na Agosti, nani abishe? Mimi mwenyewe nilipoanza kuweka nililipiga vita vumbi kwa kila njia. Kioo cha kuslaidi ukikinyanyua juu kinachomoka na fremu yake, basi nikawa nakipeleka bafuni, nafungulia maji ya moto mvuke utulize hewa, naloanisha sakafu, feni imezimwa, nafanya alfajiri kabla upepo haujaamka. Chembe za vumbi kweli zikaisha. Vidoa vyeupe vikabaki palepale, na ukungu ukabaki palepale. Kuna usiku nilikaa bafuni na wembe nikibandua tinti nzuri kabisa, nimechukia mpaka sikutaka kula.

Ufunguo ulikuwa kioo kilichovuliwa na kuachwa ukutani bila tinti. Matone yaliyokuwa yamerukia yalikauka, na kila tone likaacha duara jeupe. Hakuna tinti, hakuna gundi, hakuna fundi. Ni maji tu ya kisima cha mtaani, yale yale yanayoziba sufuria ya chai kwa gamba. Nikadondoshea siki juu ya duara moja: likatoa povu dogo, likayeyuka. Chokaa. Sikuhitaji ushahidi mwingine.

Ukishajua hilo, mistari inajieleza yenyewe. Mpira unasukuma maji kuelekea kingoni lakini haumalizi yote, kuna vijito vidogo vinabaki chini ya tinti. Maji yanatoka polepole kwa kukauka, na hewa yetu ni kavu, inayavuta haraka. Chumvi na chokaa havina pa kwenda. Ukungu nao unatokana na sabuni. Sabuni ya mche iliyoyeyushwa kwenye maji magumu inagandamana na ile chokaa na kutengeneza utando, ndiyo maana hata ukifua nguo huku sabuni inakataa kutoa povu. Wenzetu wa sehemu zenye maji laini wanatumia sabuni yoyote na mambo yanakwenda, halafu wanatuambia tatizo ni mkono.

Kwa hiyo: maji ya betri. Yale ya kuongezea, yaliyochujwa kwa mvuke, yanayouzwa vituo vya mafuta na maduka ya spea. Soma chupa vizuri, usije ukachukua asidi. Matone machache ya shampuu ya watoto kwa lita moja, hakuna sabuni ya mche. Na suuza ya mwisho ya kioo kitupu iwe ya maji hayohayo, maana ukisuuza kwa bomba umeshairudisha chokaa. Maji ya mvua yaliyokingwa safi nayo yanafaa, ila Oktoba utayatoa wapi.

Vifaa sasa. Mpira mgumu wa kukamulia ni muhimu kuliko tinti yenyewe. Wa plastiki laini unateleza juu ya maji badala ya kuyatoa. Kisu cha karatasi vunja ncha kila kioo, ncha butu inararua kona. Acha nafasi ya milimita moja au mbili kati ya tinti na raba ya fremu, maji yapate pa kutokea. Kutenganisha ile karatasi ya nyuma inayofunika gundi ya tinti, bandika vipande viwili vya selotepu kwenye kona moja, kimoja kila upande, kisha vuta.

Kuhusu aina, msimamo wangu haujabadilika: chukua ya kuakisi, ya fedha. Tinti nyeusi ya bei nafuu inanyonya joto badala ya kulirudisha, kioo kinakuwa cha moto kuliko kilivyokuwa kitupu, na sehemu ya joto hilo inaingia ndani. Miaka ikipita rangi inageuka zambarau. Na muuzaji akikuwashia taa nyekundu uweke mkono nyuma ya kipande, akakwambia inazuia asilimia 99 ya infraredi, ile miale ya joto isiyoonekana kwa macho, muulize inazuia asilimia ngapi ya nishati yote ya jua. Karibu nusu ya nishati hiyo ipo kwenye mwanga tunaouona, na ile taa haiuoneshi kabisa. Kasoro ya kuakisi ni usiku: ukiwasha taa, wa nje ndiye anayekuona. Pazia linabaki.

Matokeo: saa kumi na moja, AC imezimwa, chumba kilichokuwa kinafika nyuzi 33 sasa kinaishia 30. AC naiwasha baada ya kula, na muda si mrefu inatosha, nafungua dirisha.

Nilipanga wiki hii niingie sebuleni. Nimeahirisha, kwa sababu kuna jambo limenikaa kichwani: tinti inalisimamisha jua likiwa limeshafika kwenye kioo. Kivuli cha nje kinalizuia kabla. Na sisi tuko Dodoma, mji wa zabibu! Ukuta wa sebule ya magharibi una nafasi ya mita tatu hadi uzio. Nguzo, waya, mizabibu miwili ya Makutupora nyekundu, aina ya zabibu ya huku. Kinachonisumbua ni upogoaji. Mizabibu huku inavunwa mara mbili kwa mwaka, na anayelenga mavuno ya Februari na Machi anapogoa kuelekea Novemba, yaani matawi yanabaki matupu joto likiwa kileleni. Mimi nataka majani kuliko zabibu, kwa hiyo nafikiria kupogoa mara moja tu, Mei, au kupogoa mmoja mmoja kwa zamu.

Fundi wa kuchomelea anakuja Jumamosi kupima nguzo. Mwenye mzabibu karibu na nyumba aniambie shimo alilichimba umbali gani kutoka kwenye msingi.