Safari ya Kutoka Nyali Mpaka Hapa

"Safari gani ya kutoka Nyali mpaka hapa?"

Leo ni Jumapili tena, wiki nzima imepita, na bado neno hilo linanigonga kichwani. Shangazi hakulisema kwa ubaya. Alisimama mlangoni na buibui lake, sahani ya mahamri mkononi, akamtazama Madevu, mjusi wangu wa ndevu niliyemleta kutoka Nyali, ng'ambo ya daraja tu, ndani ya sanduku lake, halafu akawatazama nyenje watatu, wadudu wa chakula chake, waliokuwa wakimzunguka bila kuguswa. Akauliza ni siku ya ngapi. Nikamwambia ya nne. Akasema, "Mwanangu, huyo hakutaki. Mgeni akitaka kukaa, hula." Nikamjibu kwamba amechoka na safari. Ndipo akaniuliza hilo, akaweka mahamri mezani, akaenda zake chumbani kwa mama.

Mnaomjua shangazi mnajua hana kawaida ya kugeuka kuangalia neno lake limeangukia wapi. Hili liliniangukia mimi. Nilikuwa na majibu kumi dakika tano baadaye, nikiwa nimeshika kopo la maji jikoni, na hakuna hata moja lililofika.

Ijumaa kaka ameoa, alhamdulillahi, nyumba ilijaa watu mpaka darini, na kazini wamenihamishia zamu ya asubuhi. Hayo yatakuja siku yake.

Jibu la kwanza nililotaka kumpa lilikuwa hili. Mjusi wa ndevu ni mnyama wa nyika kavu za bara la Australia, na akihamishwa nyumba anaweza kukaa siku kadhaa, hata wiki au zaidi kidogo, bila kula vizuri. Hajui harufu, hajui vivuli, hajui sauti. Ndevu, yaani miiba laini ya chini ya kidevu, zinageuka nyeusi, tumboni inatokea michoro ya kijivu kama maandishi, na wengine hukwaruza kioo mchana kutwa kwa sababu wanaona sura yao wenyewe na kudhani ni mjusi mwingine. Dawa yake ni utulivu. Nilimfunika pande tatu kwa leso kuukuu, nikaacha mbele tu wazi. Kumbeba ni marufuku wiki ya kwanza, hata mtoto wa dada alie vipi. Mkono ukiingia kubadilisha maji unaingia kwa ubavuni, chini chini. Utosini ana kijicho cha tatu kisichoona sura ila kinachohisi mwanga na kivuli, na kivuli kinachoshuka kutoka juu kwake ni mwewe.

Na nilikuwa nikimpima. Mizani ya gramu, ile ya kupimia unga wa keki, lakini bakuli lake ni lake peke yake na halirudi jikoni, kwa kuwa mijusi hubeba salmonela, vijidudu vya kuharisha watu, hata wakiwa wazima. Alifika na gramu 118, urefu wa sentimita 32 pamoja na mkia, umri miezi mitano. Siku ile shangazi alipokuja alikuwa na 114. Mstari niliojiwekea ni asilimia kumi: akishuka mpaka 106 hakuna kungoja, ni daktari wa mifugo siku hiyo hiyo na kinyesi kibichi ndani ya kichupa, kitazamwe kama kina minyoo au koksidia, vijidudu vya utumbo. Kwa hiyo sikuwa nimekaa tu. Hilo ndilo lililoniuma, kuambiwa hakutaki na huku naamka alfajiri kumtazama shina la mkia kama limenywea.

Lakini Jumatatu usiku, nikilirudia neno lake mara ya mia, likabadilika. Nililisikia kama swali. Safari gani, kweli? Ni nini hasa kilichobadilika kati ya kule na hapa, ukiacha harufu na watu? Nikachukua kalamu.

Nyali Madevu alikaa kwenye chumba chenye kiyoyozi, madirisha yamefungwa mchana kutwa. Kiyoyozi hakipozi tu, kinakamua maji ndani ya hewa. Ndiyo yale yanayodondoka kwenye kile kipaipu nje ya ukuta. Hapa kwetu Kibokoni dirisha liko wazi, masika haya taulo halikauki siku mbili, na chumvi mezani imekuwa uji. Kipima unyevu kilisema asilimia 78 asubuhi. Mjusi huyu anataka 30 mpaka 40. Akiishi kwenye unyevu wa juu wiki baada ya wiki, mapafu ndiyo yanayolipa: anaanza kupumua kwa mlio, mate ya kamasi yanakaa pembeni mwa mdomo, anainua kichwa juu kutafuta hewa.

La pili lilikuwa kosa langu. Kule jiwe lake la kuotea joto lilikaa juu ya matofali mawili. Mimi nilililaza chini, nikiogopa lisimwangukie. Kipimajoto cha mviringo kilichobandikwa ukutani mwa sanduku kilisema 38 na mimi nikaridhika nacho. Kile kinapima ukuta. Nikaazima kwa fundi wa friji kile cha kulenga kama bastola (kiwe cha mafundi, kile cha kupimia paji la uso wakati wa korona hakifai kwa mawe), nikalilenga jiwe lenyewe: nyuzi 33.

Nyuzi 33 kwake ni kama kutopika. Hana moto wake mwenyewe tumboni. Bila joto la kutosha chakula kinalala bila kusagika, kinachacha, na mwili unalijua hilo mapema, kwa hiyo unafunga njaa. Hakukataa nyumba. Alikuwa na akili kuliko mimi.

Usiku huo huo nikarudisha matofali, nikayagandisha kwa silikoni ya madirisha yasicheze akichimba, nikaacha yakauke mpaka asubuhi huku yeye amelala kwenye kapu lenye leso. Mgando ule usipokauka kabisa hutoa harufu kali ya siki, kwa hiyo kabla sijamrudisha nilinusa kila kona. Jiwe likawa sentimita 28 kutoka kwenye balbu ya halojeni ya wati 75, badala ya 45. Kipimo: nyuzi 41. Upande wa baridi, 29, na ndivyo inavyotakiwa, ajisogeze mwenyewe anapotaka. Taa ya UVB, yaani ya miale isiyoonekana kama ile ya jua, ile ndefu ya asilimia 12, inabaki juu kabisa, sentimita 40 kutoka mgongoni mwake, bila kioo katikati, maana kioo kinakula miale yote inayomsaidia kutengeneza vitamini D3, na bila hiyo kalsiamu unayompa inapita tu. Mwaka ukiisha inabadilishwa hata kama bado inawaka vizuri, kwa sababu miale hiyo hufifia kabla ya mwanga. Zote mbili zinawaka saa moja asubuhi na kuzimwa saa moja jioni. Usiku hapa Mombasa hahitaji joto lolote, na balbu nyekundu wanazouza za usiku zinamnyima usingizi tu.

Lililonifurahisha ni kwamba joto lilitibu sehemu ya unyevu. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 78, ukiipasha mpaka 40, inasoma asilimia 40 hivi. Maji ni yale yale, ila hewa ya moto ina nafasi kubwa ya kuyabeba. Nikatoboa matundu chini upande wa baridi na juu upande wa taa, hewa ya moto ipande itoke na nyingine iingie. Bakuli pana la maji lililokuwa chini ya taa nikalitoa, sasa anakunywa matone ninayomdondoshea kwenye ncha ya mdomo asubuhi, na kifuniko kimoja cha maji kipo kona ya baridi. Pangaboi linazunguka taratibu, bila kumpulizia yeye. Na ubani wa Alhamisi umehamia chumba cha mbele, pamoja na dawa ya mbu ya kuzunguka. Moshi wa aina yoyote haumfai, na ile ya kupuliza inaua nyenje wake kabla hawajafika kwake.

Jumanne, saa tatu na nusu. Alipanda juu ya jiwe akiwa mweusi mweusi kama mkaa, akajibandika bapa kama chapati, mbavu zimetanuka. Baada ya dakika arubaini rangi ikaanza kufunguka kutoka shingoni, rangi ya mchanga, halafu manjano kidogo mabegani. Mdomo ukaachama nusu, na hapo nikajua ameshiba joto. Nikaweka buu mmoja kwenye kifuniko cheupe, kimo cha kiganja mbele yake. Buu akajinyonga. Madevu akainamisha kichwa upande, jicho moja likamlenga, ncha ya ulimi ikatokeza, ikakaa hapo hata nikashika pumzi. Halafu tap! Ukasikika ule mkwaruzo wa kutafuna, mara tatu. Nilikaa sakafuni, machozi yakanitoka. Nikaweka wa pili.

Nilianza na mabuu ya nzi askari weusi, wale wanaofugwa kwa chakula cha kuku, nawapata kwa kijana wa Kisauni. Wana kalsiamu nyingi wenyewe, ni laini, na hawakimbii. Nyenje wanataka kazi zaidi. Saa ishirini na nne kabla ya kuliwa wanalishwa sukuma na karoti, kwani nyenje mwenye njaa ni ganda tupu. Hakuna anayezidi upana wa nafasi kati ya macho mawili ya Madevu. Kisha ndani ya mfuko na kijiko kidogo cha unga wa kalsiamu usio na fosforasi, unatikisa mpaka wanakuwa weupe kama visheti. Siku tano kwa wiki ni kalsiamu, mbili ni vitamini. Anapewa mmoja mmoja kwa koleo, dakika kumi au kumi na tano, asubuhi na tena kabla ya saa kumi. Baada ya hapo hapana, kwani anahitaji saa mbili za joto kusaga kabla taa hazijazimwa. Na wanaobaki lazima watolewe wote. Wale watatu alioona shangazi wakizunguka walikuwa kosa: nyenje akilala na mjusi humng'ata vidole na kope, na mjusi aliyeng'atwa anawaogopa nyenje siku nyingi.

Majani anapata kila asubuhi, ayale asiyale. Msingi ni sukuma wiki ya Marikiti, iliyooshwa vizuri kwa ajili ya dawa za shamba, imekatwa vipande vya ukubwa wa ukucha na kuachwa na unyevunyevu wake. Juu yake boga bichi lililokwaruzwa, na papai kidogo mara moja kwa wiki. Mchicha na spinachi nimeviacha, vina asidi ya oksaliki inayoishika kalsiamu isiingie mwilini. Parachichi ni sumu kwake. Kimulimuli ni sumu mbaya zaidi, hata mmoja anaweza kumuua, na kwa sababu hiyo hakuna mdudu wa kuokotwa uani anayeingia sandukuni. Ujanja wa majani niliojifunza wiki hii ni kuwaficha mabuu wawili chini ya sukuma. Wakijinyonga, jani linatikisika, naye analirukia jani. Alhamisi alimeza sukuma nyingi namna hiyo bila kukusudia, na Jumamosi akaila kwa kukusudia.

Jumatano stima ilipotea saa nane mpaka magharibi. Hakupewa kitu cha jioni. Kulala njaa kwa mjusi mwenye joto la chumba ni salama kuliko kulala na tumbo limejaa. Asubuhi yake nilimpandisha darini ndani ya kapu la waya, nusu juani nusu kivulini, dakika ishirini, nami nikiwa nimekaa hapo hapo. Kunguru wanane walijipanga ukutani kabla sijatulia. Ukimwacha peke yake hata kwa kwenda kuchukua simu, hukuti mjusi.

Leo asubuhi ana gramu 121. Kinyesi kimekuja kigumu, na kipande chake cheupe, ambacho ndicho mkojo wake, kilicho safi. Nikipita karibu ananiinulia mkono mmoja na kuuzungusha polepole. Wanafanya hivyo kumwambia mkubwa wao kwamba wamemwona na hawana ugomvi naye. Nami humwitikia.

Shangazi bado sijamwambia. Ijumaa nilimwona mara nne, amebeba sinia, na kila mara jibu lilikuwa tayari ulimini: safari ya kutoka kwenye hewa kavu mpaka kwenye hewa ya bahari, shangazi, na ya jiwe lililoshushwa sentimita kumi na saba. Ni yeye aliyeuliza swali nililopaswa kuuliza siku ya kwanza. Nataka kumwambia hivyo akiwa amekaa, si akiwa amesimama mlangoni.

Mama miguu imemvimba tangu Alhamisi. Anasema ni viatu vya harusi. Viatu amevivua jana mchana, na jioni hii nilipombonyeza kidole karibu na kifundo, kishimo kilibaki, nikahesabu mpaka kumi na tano ndipo kikajaa. Kliniki hufunguliwa saa mbili, na zamu yangu mpya inaanza saa kumi na mbili.